Maji Yanayopita Nyuma ya Tanuri

"Tazama mwenyewe, dada. Tazama halafu uniambie kama huu ni mkate au ni mto wa kulalia."

Mwoka mikate alikuwa amesimama upande wake wa ukuta, ukuta wenyewe unamfika kifuani tu, na mkate ameuinua juu kama mtu wa mnadani. Upande wa pili jirani yake mkandaji alikuwa anakamua mataulo, hana haraka na mtu.

"Nimeutazama," akasema. "Mkate mzuri. Mweupe kidogo."

"Kidogo? Huu umetoka tanurini, dada. Umekaa humo mpaka mimi nikaona aibu kuusubiri. Moto wote unauvuta wewe kwa hilo bomba lako. Unawachemshia watu migongo, mimi nabaki kuoka kwa jivu."

"Bomba langu? Bomba kaliweka marehemu baba yako kwa mkono wake. Mimi nimelikuta hapo."

"Basi marehemu alikosea."

"Mtukane baba yako, mimi simo."

"Simtukani baba. Nalitukana bomba."

Mkandaji akatundika taulo kwenye kamba, akanyoosha mkono juu ya ukuta, akaupokea ule mkate kama anavyopokewa mtoto mchanga. Akaubonyeza kwa dole gumba, hapa na pale, akafuata ubavu wake taratibu.

"Umelala vibaya huu," akasema, akamrudishia.

Mimi cherehani yangu iko kibarazani, mkabala nao kabisa, na wakati huo nilikuwa natia zipu kwenye sketi ya mtu. Zipu ile ilikaa upande mpaka leo na mwenyewe hajagundua. Lakini ugomvi mzuri hauji kila siku, na macho niliyopewa ni mawili.

Niwaeleze kwanza hilo bomba, maana bila kulielewa mtadhani watu wazima waligombania upuuzi.

Nyumba yetu ni ya vyumba vinavyotazamana, ua uko katikati, kila mtu na mlango wake na kila mtu na habari za mwenzake. Mwoka mikate ana chumba cha pembeni chenye tanuri la matofali alilorithi kwa baba yake. Ukuta wa nyuma wa tanuri hilo ndio ukuta wa kwa mkandaji. Ndani ya matofali kuna bomba la chuma limezungushwa na kuzungushwa tena mgongoni mwa moto. Maji yanaingia baridi, yanatoka upande wa pili ya kunyonyolea kuku. Yanaingia kwenye pipa, na kutoka humo mkandaji anachota kwa kopo, anachanganya na ya baridi, anatia kiwiko kupima, anaongeza, anapima tena, kisha anasema neno lake moja: "Vuguvugu." Kwa hiyo tukamwita Dada Vuguvugu, na jina alilopewa na wazazi wake sasa liko kwenye kitambulisho tu.

Kazi yake ukiiona mara moja huisahau. Unalala kifudifudi juu ya kitanda cha mbao chenye nafasi kati ya ubao na ubao, maji yapate pa kushukia. Mkono wa kushoto unamimina kwa kopo, uzi mwembamba wa maji kuanzia kisogoni mpaka kiunoni, na mkono wa kulia unafuata nyuma yake ukikanda pale pale maji yalipopita, kabla nyama haijakumbuka kukaza. Haongei. Mvuke umejaa, mwanga ni kidogo, na unachosikia ni maji yakidondoka chini ya kitanda. Mpagazi wa sokoni huja na kiuno, dereva wa teksi huja na goti, mimi huja na shingo. Halafu kuna karani mmoja ambaye haumwi mahali popote. Yeye huja kwa ajili ya mawazo. Dada Vuguvugu hamuulizi mawazo gani. Anamwambia tu kichwa kinakaa juu ya mabega, mabega yakishuka kichwa nacho kitapata pa kukaa. Na karani hutoka pale anatembea kama mtu aliyesahau anaishi wapi, anatabasamu hata kwa paka.

Mwoka mikate tulimwita Hamira. Si kwa kazi yake. Ni hasira zake, zinaumuka vile vile: unamwacha katulia, ukigeuka kidogo amefurika hadi nje ya sufuria. Zamani hakuwa hivyo. Tangu baba yake afariki akabaki na tanuri peke yake, macho yakawa mekundu na mdomo mkali, na mikate, ni ukweli usiopingika, ikaanza kutoka myeupe. Watu waliinunua kwa heshima ya marehemu.

Sasa Hamira alikuwa anataka bomba lizibwe. Likizibwa, wateja wa Dada Vuguvugu wangetafuta pengine, na hilo angelimeza. Lakini chumba cha ndani kulikuwa na Shangazi yake.

Shangazi ndiye aliyekuwa mkandaji wa kwanza pale, ndiye aliyemfundisha Dada kila kitu, mpaka namna ya kukunja taulo. Kisha akapigwa na kiharusi. Mkono wa kulia ukabaki umelegea kama glavu iliyosahauliwa na mwenyewe. Ulimi haukuguswa. Sisi wa uani tulisema kiharusi chenyewe kiliuogopa. Kila siku Dada alikuwa anakalisha ule mkono kwenye beseni la maji ya moto wa kiasi, anaukanda kiganja, kifundo, kidole baada ya kidole, na daktari alimwambia asiache hata siku moja. Hivi karibuni kidole cha mwisho kilikuwa kimetikisika. Tuliitwa sote kukiona. Tulijipanga kando ya kitanda kama watu waliokuja kumwona mtoto, na kidole kikatikisika tena, na mpagazi akatoka nje kusingizia kikohozi.

Jiko la Dada lilikuwa la kuchemshia chai. Ukichemsha sufuria ya pili, ya kwanza imeshapoa. Bila bomba, hakuna beseni, na bila beseni kile kidole kingerudi kulala.

Kwa hiyo siku ile ya mkate mweupe, Dada Vuguvugu alikuwa na utulivu wa nje tu. Mimi nilimwona anakamua taulo ambalo lilishakauka.

"Tufanye hivi," akamwambia Hamira. "Kesho nafunga koki kutwa nzima. Tone halipiti nyuma ya tanuri lako. Ukitoa mikate ya kahawia, nitakuja mwenyewe kukuomba radhi mbele ya watu."

"Na isipotoka?"

"Ikitoka myeupe uniachie bomba langu."

"Si ulisema si lako?"

"Kaka, kesho."

Kesho yake koki ikafungwa. Wateja wakarudishwa mlangoni. Mimi nikashona na shingo yangu imekaa kama ya bundi. Mchana harufu ya mikate ikatoka, harufu yenye uchachu fulani, nasi tukasogea ukutani bila kuitwa. Hamira akavuta ubao wake mrefu. Mikate ikatoka myeupe vile vile, tena bapa juu, kama imekaliwa.

Hamira akaugonga mmoja kwa kucha.

"Tanuri bado lina baridi ya jana," Hamira akasema.

Dereva wa teksi akamuuliza kwa upole, "Na kesho litakuwa na baridi ya juzi?"

Hapo ndipo mimi nilipojitia ndani, maana kukaa pembeni siwezi. Nilimvuta Dada Vuguvugu kando nikamwambia: yule si mtu mbaya, yule ni mtu aliyekaza. Ebu mkande. Umlaze pale, umpe maji ya kutosha, atoke kama karani, halafu mzungumze. Dada akafikiri, akaona kweli, akaifungua koki. Akamwalika kwa maneno matamu, njoo tu kaka, kama jirani. Hamira akakataa. Nikamwendea mimi. Akakataa. Nikamwambia watu wanasema anaogopa maji. Alasiri hiyo hiyo akaja na taulo lake mwenyewe begani, uso umekunjwa kama anaenda kutoa ushahidi.

Benchi ya nje ilikuwa imejaa: mpagazi, dereva, karani, na mimi niliyekuja kusubiri zamu ambayo sikuwa nayo. Tulisikia kopo likizama kwenye pipa. Tulisikia, "Vuguvugu." Tulisikia maji yakianza kudondoka chini ya kitanda, na karani akafumba macho kwa mazoea. Kisha Dada akaweka kiganja chini ya mbavu.

Sauti iliyotoka humo sijui niifananishe na nini. Kama mlango wa zamani na jogoo kwa pamoja. Ikafuatwa na kicheko, lakini kicheko cha mtu anayeonewa, halafu beseni likapinduka, halafu kopo likaja likibingirika hadi miguuni mwetu.

"Tulia, kaka, ni mkono tu."

"Usiuguse hapo. Hapo usi... dada, nakuomba. Dada, mimi nitakufa."

"Sijakugusa bado."

"Naona unakuja kunigusa."

Mlango ukafunguka, Hamira akapita mbele yetu mbio, amelowa, taulo limeshikwa kwa mkono mmoja na kwa imani. Akaruka ukuta unaomfika kifuani, jambo ambalo hatukujua analiweza, akaingia kwake akafunga.

Dereva wa teksi akatazama lile kopo. "Huyu kakandwa," akauliza, "au kang'olewa jino?"

Tulicheka mpaka mpagazi akalalamika kiuno. Na hilo ndilo kosa letu, maana alikuwa anatusikia. Mtu ambaye mkate wake umetoka mweupe anaweza kusamehe. Mtu aliyejulikana na ua mzima kwamba anatekenyeka kama mtoto, huyo anatafuta mwashi.

Mwashi alifika asubuhi iliyofuata, mtu mrefu wa maneno machache, na karai lake la saruji keshaichanganya kabisa, mbichi, inang'aa. Akaliweka chini kwenye mlango wa Dada Vuguvugu na mwiko juu yake.

"Nimeambiwa kuna bomba la kuziba," akasema.

Dada alikuwa ndani na Shangazi, mkono umeshaingia kwenye beseni. Alipotoka akaona karai, hakubishana na mwashi. Akaingiza miguu kwenye viatu vilivyokuwa karibu, kimoja chake kimoja cha mteja, akaondoka mbio kwenda kwa mwenye nyumba kumwomba azuie. Beseni akaliacha pale pale, na Shangazi akamwacha amekaa na mkono wake majini.

"Siwezi kuziba bomba lenye maji," mwashi akamwambia Hamira. "Funga koki kwanza."

"Koki iko wapi?"

"Mimi nitajuaje, nyumba ni yenu."

Iko chumba cha ndani. Hamira alilijua hilo sana, ndiyo maana aliuliza, mwashi aingie badala yake. Alisimama kidogo anajikuna kidevu, kisha akaingia, na mimi nikakumbuka nina pazia la Shangazi sijalipima upana. Nikachukua futi yangu nikamfuata.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kuniua?"

"Hapana, Shangazi. Nimekuja kufunga koki."

"Funga. Iko kulia kwako, inabana, tumia nguvu."

Akaifunga. Bomba likaguna ndani ya ukuta, likanyamaza. Hamira akageuka kutoka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, Shangazi."

"Basi kaa hapo unikande. Haya maji ndiyo ya mwisho, yatapoa bure."

"Mimi sijui kukanda watu, Shangazi."

"Unakanda nini kila siku?"

"Unga."

"Sasa utazame huu mkono, una tofauti gani na unga. Kaa."

Hakuna mtu aliyewahi kumkatalia Shangazi akishasema kaa. Kulikuwa na kiti kifupi mbele ya beseni, mikono ya kiti imelainika kwa kushikwa. Hamira akakaa, magoti yakamfika kidevuni. Akatia mikono majini kama anayeshuku kuna kitu kitamng'ata. Kisha akaushika ule mkono mlegevu, akaugeuza kiganja juu, akaanza.

Mwanzo alikanda kama alivyozoea.

"Polepole, mwanangu. Mimi siuzwi asubuhi."

Akapunguza. Kiganja cha mkono wake kikasukuma, kikavuta, kikakunja, na maji yakawa yanapanda na kushuka pembeni mwa beseni bila kumwagika. Nilikuwa nimeshapima pazia, nikalipima tena. Mtu huyu ambaye kuguswa hawezi, kugusa aliweza. Aliufuata kila mfupa mpaka mwisho wake kisha akarudi. Mabega yake, ambayo mimi kama fundi naweza kuapa yalikuwa yamekaa sawa na masikio kwa muda mrefu, yakaanza kushuka. Ningemshonea shati siku hiyo lingemkaa.

"Hicho kiti," Shangazi akasema, "ni cha baba yako."

Mikono ikasimama.

"Usiache, endelea. Alikuwa anakaa hapo ulipokaa. Kila akimaliza kukanda unga wa asubuhi, vidole vyote vimemvimba, hawezi hata kufunga kifungo cha shati. Anakuja, anatia mikono kwenye maji, mimi namkanda, yeye anasinzia. Mbele ya watu hakutaka, mwoka mikate anayeumwa mikono ni nani atamwagiza. Akalipitisha lile bomba ukutani nisiwe nakosa maji ya moto. Basi."

"Basi?" Hamira akauliza.

"Basi. Ulidhani nini?"

Masikio yalimwiva Hamira. Nitasema mimi alichodhani, maana ndicho tulichodhani sote, na tulikisema miaka na miaka kwa sauti ya chini na macho ya juu: yule mzee kuingia kwa yule mama kila siku mchana na mlango unafungwa. Mama yake Hamira mwenyewe alifariki akiamini hivyo. Nakiri ukweli ulinivunja moyo kidogo. Ulikuwa mdogo mno kwa uvumi tuliokuwa tumeushona.

"Mama alikuwa akifika dirishani akiliona pipa linatoa mvuke, anafunga pazia," Hamira akasema taratibu, anaongea na maji. "Mimi nilikuwa nalichukia hili bomba tangu mtoto."

"Na mikate? Mikate nayo ni bomba?"

Akakanda kidole cha shahada, akakanda cha kati.

"Mikate ni mimi," akasema. "Nauweka unga uumuke, nakaa juu ya gunia nisubiri. Nikishtuka umeshapanda, umeshashuka, umeshachacha. Nauoka hivyo hivyo. Nitasema nini, nilisinzia? Baba hakusinzia hata siku moja."

"Baba yako alikuwa anasinzia hapo kama mzoga. Mimi ndiye niliyekuwa namwamsha. Nasikia harufu ya unga kupitia huo ukuta, nikijua sasa umefika, namrushia maji usoni."

Hamira akacheka. Si kile kicheko cha jana, kingine, kifupi, cha puani.

"Kwa nini hulali kwako?" Shangazi akamuuliza.

"Nikilala nasikia kazi inaniita. Nikiwa kazini, usingizi ndio unaita."

"Haya. Kanda."

Akakanda. Sikumbuki ni wakati gani maneno yaliisha. Nakumbuka maji tu, na ule mwendo wa kusukuma na kuvuta ukizidi kuwa wa polepole, kisha kichwa cha Hamira kikainama mbele, kikapanda, kikainama, kikabaki. Mikono yote miwili iko ndani ya beseni, mdomo wazi. Alikoroma kistaarabu. Shangazi akanitazama, akaweka kidole cha mkono wake mzima mdomoni. Pazia nilikuwa nimeshalipima mara nyingi kuliko pazia lolote duniani.

Ndipo mwashi akaingiza kichwa dirishani.

"Bwana. Saruji inakaza."

Hamira akashtuka. Akajifuta mdomo begani, akasema samahani, samahani, nakuja, akainuka. Akafika nusu, akarudi kukaa. Akainuka tena, akarudi.

"Shangazi," akasema. "Niachie."

"Nikuachie nini?"

"Kidole. Umenishika dole gumba."

"Nani kakushika?"

Tukatazama ndani ya maji. Vidole vya ule mkono, ule ulioitwa glavu, vilikuwa vimelizunguka dole gumba la Hamira. Si kidole cha mwisho peke yake. Vyote.

Shangazi aliuangalia mkono wake kama mtu anayeangalia mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

"Vuta kidogo," akamwambia Hamira baadaye, sauti imepungua.

Akavuta. Mkono ukamfuata.

"Hebu tena."

Akavuta tena, kwa adabu, kama anavuta uzi unaoweza kukatika. Mkono ukamfuata tena, umeng'ang'ania, na maji yakamwagika miguuni mwao na hakuna aliyesogeza mguu.

Mimi nilitoka mbio na futi yangu inaburuta nyuma. Nilimkuta Dada Vuguvugu anaingia getini na viatu vyake vya kukosana, uso umeanguka. Mwenye nyumba alikuwa amemwambia ukuta ndio wake, bomba si lake, wamalizane wenyewe. Nilimshika mkono nikamvuta ndani mpaka mbele ya beseni.

Akatazama. Akakaa chini sakafuni, kwenye maji yaliyomwagika, akaweka kipaji cha uso kwenye goti la Shangazi. Mabega yalikuwa yanamtikisika. Shangazi akampapasa kichwa kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na shughuli.

"Usilie juu ya sketi yangu," akamwambia. "Fanya kazi. Mkono umejua kushika, kuachia haujui. Huyu mtoto tutakaa naye hivi mpaka lini?"

Dada akajifuta, akawa mkandaji tena. Akapima maji kwa kiwiko.

"Yamepoa," akasema. "Yakiwa hivi vidole ndio vinazidi kukaza. Kaka, usivute, utamuumiza. Nahitaji ya moto, vilainike vyenyewe."

"Chukua kwenye pipa," nikasema.

"Pipa nilishalimaliza asubuhi."

Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kutazama koki. Tuliitazama kwa zamu.

"Fungua koki," Hamira akasema.

Mwashi bado alikuwa dirishani, viwiko vimekaa kwenye kizingiti, anafuatilia. "Sasa mimi nizibe au nisizibe?"

"Fungua koki, dada," Hamira akarudia, "na uniongezee kuni mbili kule tanurini, tafadhali. Mimi siwezi, nimeshikwa."

Bomba likaguna ndani ya ukuta, likakohoa, likaanza kuteremsha. Dada akachota, akachanganya, akatia kiwiko, akaongeza, akapima. Safari hii hakulisema lile neno lake. Shangazi ndiye aliyelisema. Kisha uzi mwembamba wa maji ukashuka juu ya mikono yote miwili, wa Shangazi na wa Hamira, na vidole vikalegea, kimoja, kikafuata kingine. Cha mwisho ndicho kilichochelewa sana. Mimi nilikuwa karibu, na nina maoni yangu kuhusu kidole kile. Hamira alikuwa ameshatamka mbele yetu sote kwamba bomba halizibwi leo wala kesho, na bado kidole kinamshika. Kiliachia pale tu alipoongeza, bila kuulizwa, "wala lini."

Akalitoa dole gumba lake, jeupe, limekunjamana. Akalitazama pande zote.

"Kesho," Shangazi akamwambia, "ukishauweka unga uumuke, usikae kwenye gunia. Njoo hapa, unikande. Ukisinzia sinzia tu, mimi usingizi sina. Nitakuamsha."

"Kwa maji ya usoni?"

"Ukitaka kutekenywa, sema."

Akasema maji ya usoni yanatosha.

Jua lilikuwa limeshapanda, na Dada Vuguvugu alikuwa na sufuria ya maharage jikoni tangu asubuhi, iliyosahauliwa na kila mtu isipokuwa moto. Hamira akapitisha mikate juu ya ukuta, ile myeupe, akiomba radhi kwa kila mmoja anaoutoa. Mpagazi alikuwa ameshafika na kiuno chake, dereva alikuwa ameshafika na goti lake, karani alikuwa ameketi mkekani kana kwamba ndiye aliyezaliwa pale. Tukajazana chumba cha ndani goti kwa goti, Shangazi katikati, mkono wake wa kulia umefungwa ndani ya taulo la moto na kila aingiaye anaombwa aweke kidole ashikwe. Walishikwa wote. Mpagazi alirudi mara ya pili kwenye foleni.

Nje, mwashi alikuwa ameinama juu ya karai lake. Saruji ilikuwa imekauka kabisa, na mwiko umenasa ndani yake, umesimama wima. Aliuvuta kushoto, akauvuta kulia, kisha akasimama akifuta mikono kwenye suruali, hajui amdai nani na amlaumu nani, pua yake imegeukia dirishani.

"Nani huyo kasimama mlangoni anatuzibia mwanga?" Shangazi akauliza.

"Mwashi," nikasema. "Mwiko wake umeganda."

"Mwambieni auache huko huko, hakuna wa kuuiba. Kuna maji ya moto pipani, anawe mikono. Sogeeni, nyie, mpeni nafasi. Karibu, baba, ingia ule."